Duka ndo limepangwa hivyo, msituambie nidhamu

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka kumi na moja sasa sijawahi kuandika, ila ile ripoti ya Jumamosi kwamba sisi wa mjini tunafulia kabla ya mwisho wa mwezi kwa kukosa nidhamu ya hela imenikera sana. Mmemsema mnunuzi tu, duka mmeliacha.

Wiki hiyohiyo niliingia supamaketi moja hapa Dar na mjukuu wangu wa miaka minne, nafuata mkate na maziwa, basi. Mkate upo mwisho kabisa kule nyuma, kwa hiyo lazima upite kwenye masufuria, mapazia, sabuni, na humo njiani nikakuta chupa ya chai ina kibandiko chekundu, 45,000 imepigwa mstari, chini yake 29,900. Nikaibeba. Nyumbani ninazo mbili! Wala sikujiuliza naihitaji ya nini, kichwani nilikuwa napiga hesabu nimeokoa ngapi. Na sio mimi peke yangu, wanasaikolojia Tversky na Kahneman waliandika haya tangu 1974, walizungusha gurudumu la namba mbele ya watu halafu wakawauliza nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya Umoja wa Mataifa, walioangukiwa na 10 wakakisia kama 25, walioangukiwa na 65 wakakisia 45, yaani namba isiyohusika kabisa inakuvuta, sembuse hiyo 45,000 iliyobandikwa kwenye chupa yenyewe? Halafu foleni ya kaunta sasa, pipi na chokoleti zimepangwa huku chini usawa wa macho ya mtoto, mimi mpaka nainama ndo naziona mwenzangu keshashika mbili analia, watu nyuma wanakutazama, utafanyaje? Unalipa.

Na chenji. Jumla iliishia na mia tisa, ile mia yangu keshia ananiambia "mama chenji sina, chukua pipi". Pipi tena! Hela yangu kwa nini igeuzwe pipi bila ridhaa yangu?

England tangu Oktoba 2022 maduka makubwa yamekatazwa kuweka vitu vya sukari nyingi kwenye kaunta za kulipia. Na hapa iwe hivyo, au basi zikae juu, mita moja na nusu kutoka sakafuni, na bei iliyopigwa mstari iandikwe tarehe ya mwisho iliyouzwa kwa bei hiyo. Na huyo mwandishi wenu mpeni elfu kumi aende Jumamosi jioni na mtoto wa miaka minne kununua mkate, akirudi aiandike upya ile ripoti.

Bibi wa Tabata,
Dar es Salaam