Mazuku na gesi ya mbabula si kifo kimoja

Bwana Mhariri,

Kila watu wanapokutwa wamekufa chumbani na mbabula, lile jiko la makala (makaa), pembeni, hapa Goma husikii jibu lingine: ni mazuku. Mimi nafundisha kemia katika shule moja ya sekondari hapa Himbi, na jibu hilo linaniuma, maana wazazi wanabaki kumwogopa adui wa nje huku aliyewaua wenzao wamemwasha wenyewe jioni.

Mazuku ni dioksidi ya kaboni inayotoka ardhini: kaboni moja, oksijeni mbili. Makala yakiungua ndani ya nyumba iliyofungwa, hewa inapungua, na kaboni nyingi zinapata oksijeni moja tu. Hiyo ni monoksidi ya kaboni. Hesabu yake ni fupi. Kaboni ina uzito wa 12, oksijeni 16. Basi mazuku ni 44, gesi ya makala 28, na hewa tunayovuta ni kama 29. Ndiyo sababu mazuku inatuama mabondeni kama maji, inaua mbuzi na mtoto mdogo kabla ya mtu mzima aliyesimama. Gesi ya makala haitafuti bonde. Inachanganyika na hewa ya chumba kizima, na aliyelala kitanda cha juu anaivuta sawa na aliyelala mkekani.

Ndani ya mwili ndiko zinakoachana kabisa. Dioksidi ya kaboni mwili wetu unaijua, unaitengeneza wenyewe. Pumzi tunayotoa ina karibu asilimia 4 yake. Ikizidi, damu inakuwa na asidi, ubongo unashtuka, mtu anaanza kuhema. Akiwahi kupanda mahali pa juu, anaweza kupona, ingawa penye mazuku kali pumzi chache tu zinamwangusha, na anayeshuka kumwokoa anaanguka juu yake.

Monoksidi haishtui kitu. Haina harufu wala rangi. Inakaa kwenye chuma cha hemoglobini, ile inayobeba oksijeni katika damu, palepale oksijeni inapokaa, na inakishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, moyo unachafuka, usingizi unakuja. Wengi wanadhani ni malaria, wanalala.

Kwa hiyo mbabula itoke nje kabla ya kulala, hata kama maharagwe hayajaiva na baridi ni kali. Maziwa tunayokimbilia kumnywesha mgonjwa yanaenda tumboni, na sumu iko katika damu. Aliyezimia yanaweza kumpalia. Mtoeni kwenye hewa safi, mkimbizeni hospitalini apewe oksijeni. Na mwambieni muuguzi wazi kwamba chumbani kulikuwa na makala yanawaka, kwa sababu kile kifaa kinachobanwa kidoleni hakitofautishi oksijeni na monoksidi kwenye damu: kinaweza kuonyesha kwamba oksijeni inatosha na mtu anakufa.

Mwalimu wa kemia,
Himbi, Goma