YAH: Marumaru ya ukumbi kuunguzwa na dawa ya choo

Kwa Meneja,
Kampuni ya Usafi,
Dar es Salaam.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mafundi wenu waliitwa hapa Upanga kutoa madoa mawili: la mafuta mbele ya lifti na la chai kwenye kaunta ya mapokezi. Walimwaga dawa ya choo. Madoa bado yapo, na sasa yamezungukwa na mabaka meupe yasiyong'aa.

Marumaru hii ni jiwe la asili, si kigae, na jiwe hilo ni kalisi kaboneti, madini yaleyale ya mawe ya chokaa. Tindikali ikiigusa, iwe ya dawa ya choo, siki au ndimu, jiwe lenyewe huliwa. Lile povu walilosema ni uchafu unatoka ni gesi ya kaboni dayoksaidi, yaani marumaru yetu ikiyeyuka. Pitisha kiganja pale, utasikia mkwaruzo. Hakuna sabuni ya kurudisha mng'ao huo.

Doa la mafuta liko ndani ya vinyweleo vya jiwe. Halisuguliwi, linafyonzwa. Kandeni unga wa kaolini (udongo mweupe laini unaopatikana Pugu, hapo tu) kwa asetoni, kiyeyushi kinachoshika moto upesi, hadi uwe kama uji mzito, madirisha yakiwa wazi na moto ukiwa mbali. Pakeni unene wa milimita 5 hivi, uvuke kidogo ukingo wa doa, mfunike kwa nailoni na kuziba kingo kwa selotepu. Baada ya saa 24 ondoeni nailoni, lakini unga msiuguse mpaka ukauke kabisa, kwa sababu unapokauka ndipo unapovuta mafuta juu. Ukibanduliwa mbichi, mengi yanabaki chini. Kwangueni kwa plastiki, si kwa kisu, kisha suuzeni. Doa la siku nyingi hurudiwa mara mbili tatu.

Kwa chai, badala ya asetoni kandeni unga huo kwa haidrojeni peroksaidi, dawa ya kupausha, mkijaribu kwanza pembeni pasipoonekana. Jiwe jeusi huweza kupauka.

Tunadai madoa yatolewe kwanza, ndipo mabaka yang'arishwe kwa pedi za almasi na maji, kuanzia ya kukwaruza hadi laini, namba 400, 800, 1500 hadi 3000, kisha poda ya kung'arishia. Ing'arishwe marumaru nzima toka kiungo hadi kiungo. Mkichimba baka peke yake mtaacha bonde litakaloonekana kila taa ikiwaka.

Kazi hiyo iwe kwa gharama zenu, na orodha ya dawa zote tuipate kwa maandishi kabla fundi hajaingia. Tunasubiri jibu ndani ya siku 14. Malipo ya kazi ya awali tumeyasimamisha.

Mwenyekiti,
Kwa niaba ya Kamati ya Wakazi