Ndugu Mkurugenzi wa Utabiri, tutajie na fukuto

Ndugu Mkurugenzi,

Nina pumu tangu utotoni, na taarifa yako ya hali ya hewa siikosi jioni hata moja. Juzi mtangazaji alisema usiku ungekuwa wa joto la kawaida, mawingu kiasi, mvua hakuna. Hakukosea hata kimoja. Ila saa nane za usiku nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, viganja juu ya magoti, shuka imenata mgongoni, kifua kinapiga mluzi. Nje hakuna jani lililotikisika. Hewa ilikuwa nzito utadhani imelowekwa.

Pumu na baridi kila mtu anajua vinavyohusiana. Ukikohoa kidogo tu unaambiwa uvae sweta. Fukuto halina anayelishuku, na ndilo lililonifanya nikuandikie.

Watafiti waliwahi kuwavutisha watu wenye pumu hewa ya moto iliyojaa unyevu, kwa dakika chache tu. Wakaanza kukohoa na njia zao za hewa zikabana, ilhali kwa wasio na pumu badiliko lilikuwa dogo. Hewa ya namna hiyo huchokoza neva zilizomo kwenye njia ya hewa, nazo huiamuru misuli ijikaze. Hapo bado hujaingia chumbani. Wadudu wa vumbi wanaoishi kwenye godoro, wadogo hata macho hayawaoni, hawanywi maji, huyafyonza hewani. Unyevu wa ndani ukikaa chini ya asilimia 50 hukauka na kupungua, ukizidi hapo huzaana. Koga nayo vivyo hivyo, na vyote viwili huamsha pumu. Ile nyuma ya kabati langu ilianza kama vidoa vyeusi vitatu, nikadhani ni uchafu.

Sisemi hewa kavu ni rafiki yetu, nayo ina visa vyake. Nasema tu ile mbichi haitajwi.

Na ikitajwa, naomba isitajwe kwa asilimia peke yake, maana asilimia inadanganya. Asubuhi yenye nyuzi 15 na unyevu wa asilimia 95, kila mita moja ya ujazo ya hewa hubeba kama gramu 12 za maji. Mchana wa nyuzi 32 na asilimia 60, namba inaonekana ndogo, kumbe maji yamefika gramu 20. Msikilizaji atajihadhari asubuhi kisha ajiachie mchana, kinyume kabisa cha inavyotakiwa. Wataalamu wako wana kipimo cha kiwango cha umande, yaani nyuzi ambazo hewa ikipoa kufikia hapo umande huanza kutokea. Hicho hakipandi na kushuka sana kwa saa za siku kama asilimia. Kikipita nyuzi 21, wengi wetu tunakisikia kifuani kabla ya kukiona kwenye chombo.

Wapo waliokwisha kuona kwamba utabiri na pumu ni shughuli moja. Tarehe 21 Novemba 2016, jijini Melbourne, Australia, dhoruba ya radi iliikuta hewa imejaa chavua ya nyasi. Chavua ikilowa hupasuka, na vipande vyake hupenya hadi ndani ya mapafu. Maelfu walikimbilia hospitali, watu 10 wakafa. Mwaka uliofuata jimbo lao la Victoria likaanza kutoa utabiri wa pumu ya dhoruba katika msimu wa chavua. Walisubiri misiba kwanza.

Mimi nikijua tangu jioni kwamba kesho kuna fukuto, inhela, kile kipulizio cha dawa, inatoka kwenye droo inaingia mfukoni, mazoezi nayafanya alfajiri, na ile dawa ya kuzuia, ambayo (nakiri) huwa naisahau nikijisikia mzima, siku hiyo siisahau. Mwalimu mwenye mtoto wa pumu darasani naye atajua siku ya kutomlazimisha kukimbia.

Vituo vyako vinapima unyevu kila siku, kwa hiyo siombi mitambo mipya. Naomba sentensi moja baada ya joto na mvua: "Kesho mchana fukuto kali, wenye pumu wawe na inhela karibu."

Wako,
Msikilizaji wa kila jioni