Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wasusi

Ndugu wanachama,

Mikutano minne tumefanya, misiba miwili tumezika, wagonjwa tumewatazama, Machi 8 tumeandamana. Hayo mnayajua.

La kulieleza ni shilingi 300,000 tulizomlipa daktari wa ngozi kwa semina ya Juni. Imesemwa kwamba mwenyekiti amepeleka hela ya draya kwenye mambo ya maabara. Wazo lilikuwa langu, kamati ililipitisha, risiti ziko kwa mhazini, na silijutii.

Mlifika 19 kati ya 58. Kwa mliokosa: unywele una kifuko chake ndani ya ngozi. Ubavuni mwa kifuko, pale panaposhika kale kamsuli kanakosimamisha vinyweleo mwili ukisisimka, ndipo zilipo seli shina, yaani seli mama zinazozaa unywele upya. Watafiti wa Marekani walizionyesha hapo mwaka 1990, kwa panya. Sisi wote tulidhani uhai uko chini kwenye mzizi tu! Seli hizi muda mwingi zimelala. Protini za kupeleka ujumbe ziitwazo BMP huzituliza, ziitwazo Wnt huziamsha, na kijinyama kilicho chini ya kifuko kinahusika sana na kuziamsha. Unywele wa kichwani hukua miaka 2 hadi 6, hupumzika kama miezi 3, hudondoka, na seli huanza upya. Ndiyo maana mteja anayedondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku hana ugonjwa.

Sasa ukimvuta rasta za mbele mwaka hadi mwaka, kifuko huumia. Ukiacha mapema, nywele hurudi. Ukichelewa panakuwa kovu, na kwenye kovu hakuna seli ya kuamsha, hata umpake mafuta gani. Nimesuka miaka 22, na vipaji vya nyuso nilivyoviharibu kwa kutojua navikumbuka. Kwa hiyo katazo la kukaza nywele za watoto linabaki. Najua wapo waliopoteza wateja kwa ajili yake, na wamenilaumu mimi. Nimekubali kulaumiwa.

Ada ni 36,000 kwa mwaka. Waliomaliza ni 23, waliolipa nusu 11, ambao hawajatoa hata senti 24. Makusanyo 1,026,000, deni 1,062,000. Deni limepita makusanyo, ndugu zangu, na draya mnazoniuliza ziko humo.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatamani semina nyingine, safari hii ya dawa za kulainisha nywele, na pengine ofisi. Tarehe mtatangaziwa. Naomba mfike.

Mwenyekiti