Aliyeshika siri akaja kuomba kura

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote waliokuzunguka. Ama baada ya salamu, barua yako niliipata na nimeisoma mara mbili. Pale ulipoandika kwamba mkuu wa usalama hafai kabisa kuingia siasa, kwa kuwa anajua mno ya watu, pamenikosesha usingizi. Sikukatalii yote. Ila naomba unisikilize habari za mtu mmoja, Ami Ayalon wa Israel, aliyekuwa mkuu wa usalama wa ndani kabla ya kuingia siasa. Nimemfuatilia muda mrefu, na kila nikidhani nimemmaliza naona bado.

Alizaliwa mwaka 1945 na kukulia Ma'agan, kibbutz, yaani kijiji cha ujamaa, iliyo ukingoni mwa Bahari ya Galilaya. Mwaka 1963 alijiunga na jeshi la majini, akaingia Shayetet 13, kikosi cha makomando wapiga mbizi. Usiku wa kuamkia 20 Julai 1969, siku ambayo dunia nzima ilikuwa imekodolea macho mwezini ikingoja Apollo 11 itue, yeye na wenzake walikuwa ndani ya maji ya Ghuba ya Suez, wakiogelea na silaha migongoni kuelekea Green Island, ngome ya zege ya Misri iliyosimama baharini. Walitokea chini ya maji wakapanda ukuta. Wenzao sita waliuawa usiku ule. Ayalon alijeruhiwa, akaendelea kupigana, na baadaye akatunukiwa nishani ya ushujaa iliyo kubwa kuliko zote nchini mwake. Nimeanza na hili makusudi: alipokuja kusema habari za kuafikiana na Wapalestina, wapo waliomwita mjinga, lakini mwoga hakuna aliyethubutu kumwita.

Kuanzia 1992 alikuwa kamanda wa jeshi lote la majini. Huko sikai, maana njia yake ilipinda kwa sababu ya risasi za mtu mwingine.

Tarehe 4 Novemba 1995, Waziri Mkuu Yitzhak Rabin aliuawa Tel Aviv, akitoka kwenye mkutano wa hadhara wa kuunga mkono amani. Aliyempiga risasi alikuwa Myahudi, mwanafunzi wa sheria, Yigal Amir. Kazi ya kumlinda Rabin ilikuwa ya Shin Bet, idara ya usalama wa ndani, na mkuu wake, Carmi Gillon, akajiuzulu. Shimon Peres, aliyeshika nafasi ya Rabin, hakutafuta mrithi ndani ya idara. Alimchukua Ayalon kutoka baharini, mtu ambaye hakulelewa na mashushushu wala hakudaiwa fadhila na yeyote mle ndani.

Kuna jambo dogo hapa ambalo hunigusa kila nikilikumbuka. Kwa miaka mingi mkuu wa Shin Bet hakutajwa jina magazetini. Aliandikwa kwa herufi moja tu. Jirani yake wa mlango wa pili angeweza kusoma habari zake asubuhi asijue kwamba ni yule anayepishana naye ngazini. Zama za Ayalon pazia hilo likaondolewa, akajulikana kwa jina lake kamili na sura yake. Wewe unasema wakuu wa usalama ni watu wa gizani. Huyu aliingia idarani taa zikiwa zinawashwa, na mimi nadhani hilo lilimjenga kuliko tunavyodhani.

Aliingia pabaya. Kati ya 25 Februari na 4 Machi 1996 mabomu ya kujitoa mhanga yalilipua mabasi mawili Jerusalem na kuua watu barabarani Tel Aviv. Hadi anaondoka mwaka 2000 alikuwa amewatumikia mawaziri wakuu watatu: Peres, Benjamin Netanyahu na Ehud Barak. Vijana wake waliwasaka wapiganaji wa Hamas usiku na mchana, na wakati huohuo yeye alikaa meza moja na wakuu wa usalama wa upande wa Palestina. Humo ndimo alimopata fundisho alilokuja kulirudia kila jukwaani: kwamba utulivu wa miaka ile haukuletwa na idara yake peke yake. Ulikuja pale Mpalestina wa kawaida alipoamini kwamba mazungumzo yatampatia nchi. Imani hiyo ikififia, wanaotaka kulipua wanapata pa kujificha, na hakuna idadi ya watoa habari inayotosha kuziba pengo.

Sitaki nikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ni mkuu wa idara ileile ambayo wapelelezi wake waliwatikisa watuhumiwa kwa nguvu wakati wa mahojiano, wakawakalisha saa nyingi kwa mikao ya kutesa, wakawanyima usingizi. Mnamo Septemba 1999, yeye akiwa bado kitini, majaji tisa wa Mahakama Kuu ya Israel, wakiongozwa na Aharon Barak, walitamka kwa kauli moja kwamba idara haina mamlaka ya kisheria kutumia mbinu hizo. Watu walioumizwa kabla ya hukumu hiyo wapo, na maneno mazuri aliyoyasema baadaye hayafuti maumivu yao. Nikimpenda, nampenda nikiwa nalijua hilo.

Sasa nifike kwenye siasa, maana ndiko ulikoniitia.

Hakukimbilia chama. Mwaka 2002 alikaa na Sari Nusseibeh, Mpalestina, msomi wa falsafa na rais wa Chuo Kikuu cha Al-Quds, wakaandika waraka wa ukurasa mmoja. Nimeuchapisha, uko mezani hapa ninapokuandikia, na kona zimeshaanza kukunjika. Una nukta sita. Nchi mbili kwa mataifa mawili. Mipaka kwa msingi wa mstari wa 1967, yaani ule wa kabla ya vita vya mwaka huo, na ardhi kubadilishana kipande kwa kipande. Jerusalem mji wazi, makao makuu ya nchi zote mbili. Wakimbizi wa Kipalestina kurudi katika nchi ya Palestina tu. Palestina isiyo na jeshi. Na mwisho, madai yote kufungwa. Kisha, mwaka uliofuata, wakaupeleka kwa watu watie saini. Walisaini Waisraeli zaidi ya laki mbili na Wapalestina zaidi ya laki moja, na hii ilikuwa katikati ya intifada ya pili, uasi wa Wapalestina, wakati watu walikuwa wanazikana kila wiki.

Novemba 2003 akafanya jambo jingine. Yeye na wakuu watatu waliomtangulia, Avraham Shalom, Yaakov Peri na Carmi Gillon, walikaa pamoja wakahojiwa na gazeti la Yedioth Ahronoth, wakaonya hadharani kwamba nchi yao inakwenda pabaya ikiendelea kutegemea nguvu peke yake. Hebu niambie, ni wapi pengine umeona watu wanne walioshika funguo za siri za nchi moja, kwa nyakati tofauti, wakijitokeza kusema neno moja?

Baada ya hapo ndipo akaingia chama cha Labor, na Machi 2006 akapata kiti katika Knesset, bunge la Israel. Mwaka uliofuata akagombea uongozi wa chama. Duru ya kwanza, Mei 2007, Ehud Barak alipata asilimia 35 na ushei, Ayalon asilimia 30 na ushei, na Amir Peretz, aliyekuwa mwenyekiti, akaachwa nyuma. Duru ya pili, 12 Juni, Barak akamshinda kwa asilimia 51 dhidi ya 47. Ni Barak yuleyule aliyekuwa bosi wake akiwa Shin Bet.

Kwa nini alishindwa? Mimi nina maoni yangu. Kazi ya usalama humfundisha mtu kumwambia mkubwa mmoja ukweli asioutaka, mlango ukiwa umefungwa, halafu anyamaze na kumwachia uamuzi. Kura za maoni za chama zinataka kinyume chake: kupiga simu kwa makatibu wa matawi, kukumbuka nani anamchukia nani, kuahidi kidogo kwa kila mmoja. Ayalon alikwenda kwa wanachama kana kwamba anatoa taarifa kwa waziri mkuu. Walimheshimu, na wengi wao wakampigia kura mwingine.

Kilichoniuma zaidi kilifuata Septemba. Alikuwa amesema waziwazi kwamba Waziri Mkuu Ehud Olmert anapaswa kuondoka, kwa jinsi alivyoviendesha vita vya Lebanon vya 2006. Kisha akaingia serikalini chini ya Olmert huyohuyo, waziri asiye na wizara maalumu. Nilipolisoma hilo niliumia kama vile ni mtu wa nyumbani kwetu. Mtu ambaye mali yake yote ilikuwa neno lake, akalivunja, na alichopata ni kiti kisicho na ofisi ya maana. Novemba 2008 akahama Labor kwenda Meimad, chama kidogo, na kabla ya uchaguzi wa Februari 2009 akajiweka pembeni kabisa. Miaka mitatu hivi, basi.

Mlinganishe na Avi Dichter, aliyempokea Shin Bet mwaka 2000. Dichter alitoka idarani 2005, mwaka uliofuata akawa waziri wa usalama wa ndani kwa tiketi ya Kadima, baadaye akahamia Likud, na mwishoni mwa 2022 akawa waziri wa kilimo. Huyo siasa imemkubali. Ukiniuliza nani alitoka na jambo la kuwaambia wananchi, nitakujibu Ayalon bila kusita.

Kwa hofu yako ya mafaili ya siri za watu, nakuunga mkono. Israel yenyewe baadaye, mwaka 2007, iliweka sheria kwamba mkuu wa usalama anayestaafu asubiri miaka mitatu kabla ya kugombea ubunge, na mimi naona ni sheria ya haki. Siri zichakae kidogo kwanza. Lakini kumfungia mlango maisha hapana. Ayalon alikuwa ameshasubiri karibu miaka sita, na alichokuja nacho jukwaani kilikuwa ukurasa mmoja ambao kila mtu angeweza kuusoma.

Nimekuwekea nakala yake ndani ya bahasha hii. Nukta ya nne, ile ya wakimbizi, isome taratibu, maana ndiyo iliyomgharimu Nusseibeh lawama nyingi kwa watu wake mwenyewe, na mimi hadi leo sijaamua kama walikuwa na haki ya kuiandika. Niandikie unavyoiona.

Wako wa siku zote.