Barua kwa mwanangu anayetaka ubunge

Mwanangu mpendwa,

Dada yako kaniambia udiwani huutaki, eti ni kazi ya mitaro na takataka, wewe unataka bungeni moja kwa moja. Basi ngoja nikupe habari za Joseph Chamberlain wa Birmingham kule Uingereza, maana huyo alianzia hukohuko kwenye mitaro.

Shule aliacha ana miaka 16, mwaka 1854 akaenda Birmingham kwenye biashara ya skrubu, akatajirika. 1869 akawa diwani, 1873 meya. Mji ulikuwa na hali mbaya, watu wengi wanachota visima vichafu, magonjwa hayaishi, na gesi na maji vyote viko kwa makampuni binafsi. Yeye akalishawishi baraza linunue kampuni za gesi, karibu pauni milioni 2, deni la kutisha kweli, lakini faida ikawa inaingia kwenye mji wenyewe. Halafu wakanunua na maji, ila hapo msimamo wake ukawa mwingine, kwamba maji sio ya kutafutia faida, ni afya ya watu. Hapo ndo namheshimu sana mwanangu. Na 1875, akiwa bado meya, mke wake wa pili akafariki kwa uzazi kama yule wa kwanza, na kazi hakuiacha.

Mabaya yapo pia. Mpango wake wa kubomoa mitaa ya maskini ulileta barabara ya Corporation Street na maduka mazuri, lakini wengi waliobomolewa hawakujengewa nyumba zingine.

1876 akaingia bungeni bila kupingwa, akapanda mpaka 1895 akawa waziri wa makoloni, na huko ndo roho inaniuma. 1902 alifika Mombasa akapanda treni ya reli ya Uganda, mwaka uliofuata serikali yao ikawapa Wazayuni, yaani Wayahudi waliokuwa wanatafuta nchi yao wenyewe, ofa ya ardhi ya huku, Kenya ya leo, wenye ardhi hata hawakuulizwa! Mtu aliyepigania maji ya watu wa Birmingham! Mimi naona ni kwa sababu wale walikuwa wanampigia kura na anakutana nao njiani, huku kwetu nani angemwajibisha.

Sasa kata yetu unaijua, visima vyenye chumvi unavijua, mtaro wa sokoni pia. Fomu zikitoka, hela ya fomu ya udiwani natoa mimi yote, ya ubunge kwa sasa sitoi hata shilingi.

Mama yako