Baiskeli kuukuu za Kusini zisiishie zote kwenye vyuma chakavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotupita bila kuangaliwa huku katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Tangu bodaboda zienee hadi vijijini, baiskeli za zamani zilizokuwa tegemeo la kaya zetu, yaani Raleigh, Humber, Phoenix, Hero na nyinginezo, zinatolewa mabandani, zinapimwa kwa kilo, kisha zinapakiwa pamoja na vyuma chakavu vingine kwenda kuyeyushwa. Mnunuzi wa vyuma simlaumu, kwa kuwa anafanya kazi halali na analipa. Kinachonisikitisha ni kwamba hakuna ofisi wala mtu anayeitazama hata moja kati ya hizo kabla haijakatwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Mtwara, na kwa muda mrefu nimekuwa nikifuatilia historia ya baiskeli za Marekani. Nimezichagua hizo kwa sababu Wamarekani wamezikusanya baiskeli zao kuukuu kwa utaratibu ambao nasi tungeweza kuufuata bila fedha nyingi, na pia kwa sababu walianza wakiwa wamechelewa, jambo ambalo linatuhusu sana.

Hataza, yaani hati ya kulinda haki ya mvumbuzi, ya baiskeli yenye pedali ilitolewa nchini Marekani mwaka 1866, na aliyepewa alikuwa Mfaransa, Pierre Lallement, aliyekuwa akiishi katika jimbo la Connecticut. Miaka kumi baadaye mfanyabiashara wa Boston, Albert Pope, aliziona katika maonyesho ya Philadelphia baiskeli za Kiingereza zenye gurudumu kubwa la mbele, na mwaka 1878 akaanza kuuza za kwake kwa jina la Columbia, zilizotengenezwa ndani ya kiwanda cha cherehani cha Weed mjini Hartford. Uamuzi wa kwenda kwenye kiwanda cha cherehani ulikuwa wa busara, kwani huko tayari walikuwepo mafundi waliozoea kutengeneza vipande vidogo vya chuma vinavyolingana kabisa kimoja na kingine. Ilipokuja baiskeli ya magurudumu mawili yaliyo sawa, na baada yake tairi la upepo la Dunlop la mwaka 1888, biashara ililipuka hata viwanda vya Marekani vikafikia kutoa baiskeli zaidi ya milioni moja kwa mwaka kabla karne haijaisha. Ignaz Schwinn, mhamiaji kutoka Ujerumani, alianzisha kampuni yake na Adolph Arnold huko Chicago mwaka 1895. Ndugu wawili Wright wa Dayton, jimbo la Ohio, walikuwa na duka la baiskeli tangu mwaka 1892, na mapato ya duka hilo ndiyo yaliyogharimia majaribio yaliyozaa ndege ya mwaka 1903.

Katika kipindi hicho hicho alikuwepo Marshall Taylor, aliyejulikana kama Major Taylor, mwendeshaji mweusi aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mbio fupi mjini Montreal mwaka 1899, ilhali chama kikuu cha waendesha baiskeli wa Marekani kilikuwa kimekwisha kuwafungia watu weusi mlango wa uanachama mwaka 1894. Mwaka 1897 askari weusi 20 wa kikosi cha 25 cha jeshi la miguu waliendesha baiskeli za Spalding kutoka Fort Missoula, Montana, hadi St. Louis, safari ya takribani kilomita 3,000 kupitia milima, matope na mchanga. Mtu anayeiokota leo nembo ya Spalding kwenye rundo la vyuma ameshika mlango wa kuingilia katika habari hiyo, na iwapo nembo hiyo ingeyeyushwa bila kuonwa, mlango mmoja ungekuwa umefungwa.

Baadaye Wamarekani wazima walihamia kwenye magari, na baiskeli ikabaki kuwa chombo cha watoto. Ndipo Schwinn, mwaka 1933, ikaleta tairi nene la upana wa inchi 2.125, na viwanda vikaanza kuipamba baiskeli ya mvulana ifanane na pikipiki, ikiwa na tangi la bandia, taa kubwa na madigadi yanayong'aa. Aina mbili za Schwinn, Black Phantom ya mwaka 1949 na Sting-Ray ya mwaka 1963, ndizo zinazotafutwa sana minadani hadi leo. Nazipenda kwa umbo lake, lakini nikiziweka karibu na Raleigh iliyopandisha madumu ya maji Newala, iliyopeleka magunia ya korosho mnadani na kumfikisha mgonjwa zahanati, naona wazi kwamba ya kwetu imebeba historia nzito zaidi. Wao wanatunza kilichowafurahisha watoto wao, nasi tunayeyusha kilichotulisha.

Nimesema walichelewa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali yao iliwahimiza wananchi watoe chuma chakavu kwa ajili ya silaha, na baiskeli nyingi za karne ya 19 ziliishia tanuruni. Chama cha The Wheelmen, kinachohifadhi baiskeli za kale na kumbukumbu zake, kiliundwa mwaka 1967 tu, na wengi wa waanzilishi wa kazi hiyo walilazimika kuokoteza vipande kwenye maghala na mashamba. Kampuni ya Schwinn yenyewe ilifilisika mwaka 1992, na mkusanyo wa familia hiyo ulinusurika kwa kununuliwa na kupelekwa kwenye jumba la makumbusho ya baiskeli katika mji mdogo wa New Bremen, Ohio. Naomba wasomaji waukumbuke huo udogo wa mji. Kazi hii haihitaji jiji kubwa.

Kutoka kwa wakusanyaji hao nimejifunza mambo ambayo ningependa mafundi wetu wayajue. Baiskeli ya zamani isipakwe rangi upya kwa haraka, kwa sababu rangi ya kiwandani, hata ikiwa imechubuka, ndiyo inayosaidia kuthibitisha umri na asili yake, na ikishakwanguliwa hairudi. Nembo ya mbele, kama ile ya Raleigh yenye kichwa cha korongo, isibanduliwe na kuuzwa peke yake. Namba iliyogongwa kwenye fremu inakiliwe kabla ya kazi yoyote: kwenye Schwinn, namba iliyogongwa kando ya ekseli ya nyuma upande wa kushoto huonyesha kuwa baiskeli hiyo ilitengenezwa kati ya miaka ya mwanzo ya 1950 na mwaka 1970.

Kutojua kuna hasara yake. Fundi mmoja wa hapa mjini aliletewa baiskeli ya mtumba yenye nembo ya Schwinn, na tairi jipya lililoandikwa inchi 26 kwa 1 3/8 likagoma kabisa kuingia, naye akahukumu kwamba rimu zimeharibika na kuzitupa. Rimu zilikuwa nzima. Schwinn ilitumia kipenyo cha milimita 597 mahali ambapo baiskeli za Kiingereza zenye maandishi hayo hayo hutumia milimita 590, na tofauti hiyo ndogo inatosha kulizuia tairi. Kranki yake, yaani mikono inayoshika pedali, nayo ni kipande kimoja cha chuma kilichopindwa na kupitishwa ndani ya fremu toka upande mmoja hadi wa pili, bila zile pini tulizozizoea kwenye Phoenix, kwa hiyo asiyeifahamu huishia kuigonga kwa nyundo.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kwa kigezo hicho hakuna baiskeli yenye pedali ya akina Lallement, sembuse Raleigh ya babu, inayoweza kuingia. Hata hivyo sheria hiyo hiyo imezikumbuka nyumba zetu za pwani kwa kuilinda milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Ikiwa mlango umepewa tarehe yake, sioni sababu ya baiskeli kukosa ya kwake.

Huku Kusini tunajua maana ya vitu kuondoka. Mifupa ya dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale, iliyochimbwa Tendaguru mkoani Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913 iko Berlin. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza wakati wa ukoloni, kutoka pwani hadi Nachingwea, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vijana wengi wanaopita ilipokuwa hawafahamu kwamba iliwahi kuwepo.

Kwa hiyo nawaomba maofisa utamaduni wa mikoa yetu miwili wafanye mambo mawili yasiyohitaji bajeti kubwa. La kwanza, wakubaliane na wanunuzi wa vyuma chakavu kwamba baiskeli yoyote yenye nembo iwekwe kando kwa siku chache, ipigwe picha, namba yake iandikwe, na muuzaji aulizwe ilinunuliwa na nani, msimu gani wa korosho, na ilifanya kazi gani. La pili, litengwe eneo katika maktaba ya mkoa, Mtwara au Lindi, ambapo zile chache zilizo kamili zitawekwa zikiwa na maelezo yake. Kwa upande wangu niko tayari kujitolea kuziandika na kuwafundisha vijana watakaopenda kuzitambua. Nawe Ndugu Mhariri, nakuomba uwaalike wasomaji wako wa Masasi, Tandahimba, Ruangwa na Kilwa wakuletee picha za baiskeli za wazee wao, hasa zile ambazo mwenyewe angali hai na anaweza kuzisimulia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Mtwara.